Spana Mkononi

Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwahi kumiliki gari la zamani. Chini ya miarobaini ya Kinondoni na Temeke methali hiyo husomwa kinyume: aliyekuja kuziba ufa ndiye anayeondoka na deni la ukuta. Chukua Land Rover 109 iliyoletwa kwa sababu ya tone la oili linalodondoka pale injini inapokutana na giaboksi. Kinachovuja ni sili, kitu kidogo cha kuweka mfukoni. Lakini giaboksi ya Land Rover hizi haishushwi kwa chini kama ya Corolla. Hutolewa kwa juu, kupitia chumba cha dereva, baada ya kung'oa viti, boksi linalovibeba na mabati ya sakafu. Mabati hayo yamefungwa kwa skrubu zilizogandishwa na kutu, na nusu yake hukatika zikiguswa. Yakishatoka, mwanga unafika mahali ambapo haujafika kwa miaka 20, na chasisi inaonekana imeliwa. Klachi nayo iko wazi, imebaki karatasi. Mipira inayobeba injini imepasuka. Fundi anafuta mikono kwa kitambaa na kusema maneno ambayo kila mwenye gari wa jiji hili anayajua kabla hayajatamkwa: si tumeshafungua? Kazi ya siku moja inaingia wiki ya pili, wiki ya pili inamleta mchomeleaji, mchomeleaji akishaunguza rangi inabidi aitwe fundi rangi, na gari lililoingia likitembea linakaa juu ya mawe hadi masika.

Gari la namna hiyo lina majina mengi mjini. Ni mkweche, ni kimeo, ila jina linaloligusa vizuri zaidi ni spana mkononi, kwa sababu haliisemi hali ya gari bali linasema hali ya mwenye nalo. Maelezo ya jambo lenyewe ni mawili tu, na watu huyatoa kwa uhakika mkubwa. La kwanza ni kwamba mafundi ni walaji, wanaizalisha kazi ili wapate kula. La pili ni kwamba chuma kikizeeka kimezeeka, na mwenye akili huuza mapema. Yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi. Ukiifuatilia historia ya gereji za Dar es Salaam utaona kwamba matengenezo yanayojizidisha ni desturi ya kazi, yenye umri unaojulikana na sababu zinazoelezeka. Ilijengeka kwa sehemu kubwa kati ya 1973 na 1986, wakati nchi ilipokaukiwa fedha za kigeni na gari likawa kitu kisichonunulika upya. Watu wa wakati ule walijifunza kwamba kulifungua gari ni nafasi isiyopatikana mara mbili. Zaidi ya hapo, walilibadilisha kila gari walilolifungua, kiasi kwamba aliyekuja miaka ya baadaye kugusa kitu kidogo aligusa pia maamuzi ya mafundi watatu au wanne waliomtangulia.

Kabla ya hapo mambo yalikwenda kwa utaratibu mwingine. Gari la enzi za ukoloni na la miaka ya mwanzo ya uhuru lilikuwa na wakala wake katikati ya mji au kwenye Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, na wakala alikuwa na ghala la spea, kitabu cha namba za spea na karakana yenye sakafu ya saruji. Magomeni, Kinondoni na Temeke hazikuwamo katika hesabu hiyo. Zilipopimwa viwanja, chini ya mpango wa mji wa 1949 na miaka iliyofuata, zilikusudiwa kuwa mahali pa Waafrika kulala baada ya kazi. Mwenyeji wa Temeke aliingia karakana ya mjini kama saidia fundi, akashika taa na kupitisha spana, akarudi nyumbani jioni kwa miguu au kwa baiskeli. Wengine walikuwa wamejifunza injini jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kuanzia miaka ya 1950 shule ya ufundi ya Ifunda, kule Iringa, ilianza kutoa vijana wenye vyeti. Ujuzi ulikuwapo, basi, lakini ulitumika chini ya paa la mwingine na kwa ratiba yake. Gari lilifanyiwa huduma kwa maili zilizotembewa, kifaa kilichochakaa kikatupwa, kipya kikatolewa kwenye boksi. Ni zama ambazo Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda mbio za East African Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404, na Peugeot ikawa gari la heshima kuanzia kwa wakuu wa idara hadi kwa madereva wa teksi. Hakuna aliyedhani kwamba 404 hizo hizo zingekuja kufanyiwa kazi na baba, kisha na mwanawe.

Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda mara kadhaa ndani ya miezi michache. Ukame wa miaka miwili iliyofuata ukalazimisha nchi kununua chakula nje. Februari 1977 mpaka na Kenya ukafungwa, mwaka uleule Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na njia ya spea kutoka Nairobi na Mombasa, iliyokuwa ya kuagiza leo na kupokea keshokutwa, ikabaki ya magendo hadi mpaka ulipofunguliwa tena Novemba 1983. Katikati yake vikaja Vita vya Kagera, vilivyoanza Oktoba 1978 na kuchukua malori na mabasi ya raia kupeleka askari na vifaa magharibi ya Ziwa Viktoria. Mengi yalirudi hayafai. Bei ya mafuta ikapanda tena 1979. Serikali ikagawa fedha za kigeni kwa kibali, na kibali kilikwenda kwanza kwenye mafuta, dawa na chakula. Ulifika wakati ambapo kuendesha gari binafsi Jumapili alasiri bila ruhusa maalumu kulikuwa kosa. Katika hali hiyo, ringi za pistoni za Land Rover hazikuwa bidhaa tena, zilikuwa bahati. Na aliyekutwa amelundika bidhaa adimu mwaka 1983, wakati wa kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, alikuwa na maelezo mazito ya kutoa, kwa hiyo hata kuweka akiba ya spea nyumbani kulikuwa na hatari yake.

Fikiria maana ya hali hiyo kwa mtu anayevujiwa na oili. Akimpata fundi leo, akapata na gasketi leo, hajui kama mwakani atapata hata kimoja. Kufungua injini kwa ajili ya gasketi peke yake na kuifunga bila kugusa vali, beringi na ringi kungekuwa ufujaji, sawa na kumtoa mgonjwa kijijini hadi Muhimbili na kumrudisha amepimwa joto tu. Busara ya wakati ule ilikuwa kushusha kila kinachoshuka, kukikagua kila kilichoshuka, na kukitengeneza hata kama bado kina pumzi. Kwa hiyo lile swali la fundi, si tumeshafungua, halikuanza kama hila ya kuongeza malipo. Ilikuwa hesabu sahihi kabisa katika nchi ambayo nafasi ya kufungua ilikuwa ghali kuliko kitu kilichomo ndani. Hesabu ilibaki midomoni hata baada ya bei zake kubadilika, kama ilivyo kawaida ya hesabu nyingi za kazi.

Karakana nazo zilihama. Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyefanya kazi Manzese na Buguruni mwishoni mwa miaka ya 1980, alionyesha jinsi mishahara halisi ya Tanzania ilivyoporomoka kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya 1974 na 1988, na jinsi wafanyakazi wa serikali na mashirika walivyoishi kwa shughuli za pembeni. Shughuli hizo zilikuwa na jina: mradi. Mwalimu alikuwa na mradi wa kuku, nesi alikuwa na mradi wa maandazi, na fundi wa shirika la umma alikuwa na mradi chini ya mti mbele ya nyumba yake. Asubuhi alitengeneza gari la shirika, lenye namba za SU, jioni alitengeneza la jirani, na si siri kwamba spea nyingine zilisafiri naye kutoka sehemu ya kwanza kwenda ya pili. Ndipo gereji bubu zilipoenea Kinondoni, Mwananyamala, Tandika na Temeke yenyewe. Neno bubu limechaguliwa vyema. Gereji hiyo haikuwa na kibao, haikuwa na leseni, na haikusema chochote mbele ya mtoza kodi. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha 2021, amezichukua gereji za namna hii kwa uzito unaostahili, kama mahali ambapo elimu ya magari ilitengenezwa na kurithishwa, wakati maandishi mengi ya maendeleo yalikuwa yakiziona kama uchafu wa mji.

Gari lenyewe pia likawa mradi. Mshahara usipomaliza wiki mbili, pikapu iliyokufa uani kwa marehemu babu si takataka. Ni mtaji uliolala. Ikifufuliwa itabeba mkaa, itabeba matofali, au itafungwa mabenchi mawili yanayotazamana na kuwa chai maharage, ile ambayo abiria wake walikaa magoti yakigusana kama watu walio mezani. Shirika la UDA, lililoanzishwa 1974, lilishindwa kubeba jiji lililokuwa likikua kila mwaka, na magari ya watu binafsi yakabeba abiria kwanza kwa kujificha, kisha kwa ruhusa kuanzia 1983, kwa nauli ya shilingi 5, yaani dala, ambayo ndiyo iliyotupa neno daladala. Mwenye mkweche, basi, hakuwa mtu wa mapenzi tu. Alipokubali kazi moja izae nyingine alikuwa anaweka akiba ndani ya chuma, kidogo kidogo, kama anayejenga nyumba Mbagala kwa kununua mifuko miwili ya saruji kila mwisho wa mwezi. Shilingi ilipoteza thamani ikiwa mfukoni. Ndani ya injini iliyofanyiwa kazi ilikaa kidogo. Msomaji anayecheka gari lililokaa juu ya mawe miaka mitatu angecheka pia nusu ya nyumba za Dar es Salaam.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe, maana hapo ndipo historia inaposhikika kwa mkono. Gari la Uingereza la miaka ya 1950 na 1960 lilifungwa kwa bolti za inchi, tena za aina zaidi ya moja. Peugeot, Volkswagen na Datsun zilifungwa kwa milimita. Bolti ya Land Rover ilipokatika mwaka 1981, fundi hakuwa na nyingine ya inchi. Alikuwa na ya Datsun. Akatoboa tundu kidogo zaidi, akakata uzi mpya wa milimita, akafunga, gari likaondoka. Kazi safi, ya kusifiwa. Lakini kuanzia siku hiyo gari hilo lina bolti 5 za inchi na 1 ya milimita mahali pamoja, na fundi wa 1994 asiyejua habari hiyo alijaribu kuirudishia ya inchi, akala uzi, akalazimika kutoboa tena. Chuma cha kutoboa mara ya tatu hakikubaki. Ikabidi kijazwe kwa kuchomelea, uchomeleaji ukapinda uso wa kifuniko, uso ukapelekwa mashine kusawazishwa. Ukimwona mtu ameng'oa kifuniko kizima kwa sababu ya bolti moja, usiseme haraka kwamba anamfuja mwenye gari. Huenda analipa deni lililokopwa kabla yeye hajazaliwa.

Maji nayo yana sura yake katika habari hii. Sehemu kubwa ya pwani ya jiji ina maji ya visima yenye chumvi, na bomba halikuwa la kutegemewa, kwa hiyo rejeta nyingi zilijazwa kilichopatikana. Chumvi ilikula njia za maji, mirija ikaziba, gari likachemsha. Dawa ya haraka iliyoenea ilikuwa kung'oa kidhibiti joto na kukitupa, ili maji yapite bila kuzuiwa. Injini ikapoa, ndiyo, ila ikawa inafanya kazi baridi mno asubuhi, ikala mafuta, ikachafua plagi na kusaga ringi mapema. Mtu aliyekuja miaka 5 baadaye akilalamikia moshi alikuwa ameletwa na uamuzi uliofanywa juu ya rejeta. Kila tiba ilikuwa sahihi kwa siku yake. Hata Land Rover yenyewe, ukitazama, ni mtoto wa uhaba: ilipotolewa 1948 bodi yake ilitengenezwa kwa aloi ya alumini kwa sababu Uingereza baada ya vita ilikuwa ikigawa chuma kwa kibali, wakati alumini ilikuwa nyingi. Bodi isiyoshika kutu juu ya chasisi inayoshika kutu, na palipogusana metali hizo mbili katika hewa ya chumvi, ulaji ukaenda kasi zaidi. Kile kilichowashangaza watu wa Temeke, gari linalong'aa juu na kuoza chini, kilipangwa kiwandani na uhaba wa wengine.

Jambo lingine ni jinsi kazi ilivyogawanywa. Karakana ya wakala ilikuwa na kila mtu ndani ya uzio mmoja. Gereji ya mtaani haikuweza. Ikazaa mtandao: fundi injini hapa, fundi umeme kona ya pili, mnyoosha bodi nyuma ya msikiti, mchomeleaji karibu na nguzo yenye umeme wa uhakika, fundi rejeta peke yake na mitungi yake, na mashine za kuchonga mjini, upande wa Gerezani na Kariakoo, ambako pia ndiko maduka ya spea yalikojaa, za mtumba zikapata soko lao Ilala, Shauri Moyo. Mgawanyo huu ndio uliozifanya gereji ziishi, kwa kuwa hakuna mmoja aliyehitaji mtaji mkubwa. Lakini una tabia yake. Kila fundi huliona gari kwa jicho la fani yake, na gari linapopelekwa kwa jirani kwa ajili ya waya mmoja, jirani ataona waya zote. Hakuna mwenye jukumu la kusema imetosha. Katika karakana ya zamani msimamizi alikuwa na fomu ya kazi, na kisichoandikwa hakikufanywa. Chini ya mwarobaini fomu ni mazungumzo, na mazungumzo hukua.

Hapo ndipo anaposimama yule anayesema mafundi ni wezi. Asikilizwe, kwa sababu hasemi uongo mtupu. Kuna anayeng'oa kizima na kuweka kibovu. Kuna anayemwelekeza mteja kwenye duka analopewa cha juu. Kuna anayekilegeza alichoitwa kukaza. Hata hivyo, wizi peke yake hauwezi kueleza desturi nzima. Fundi wa mtaani kwa kawaida hulipwa kwa kazi waliyopatana, halipwi kwa saa, na kazi inayorefuka humfungia nafasi chini ya mti, mahali ambapo gari lingine la kulipa haraka lingekaa. Mwenye gari naye hutumwa kununua spea mwenyewe, na orodha iliyoandikwa kwenye kipande cha boksi, kisha hukaa kwenye benchi akitazama kila nati inavyotoka. Desturi hiyo ya kukaa na kutazama ilizaliwa na kutoaminiana, sikatai, ila matokeo yake ni kwamba wizi mkubwa hufanyika pale ambapo mteja hayupo, dukani na mashineni, na mara chache katika ile hatua ya kuamua nini kifunguliwe. Uamuzi huo hufanywa mbele ya watu watatu au wanne wanaobishana, akiwemo mwenye gari, na mara nyingi ni yeye mwenyewe anayesema afadhali tumalize kabisa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Litasema: haya si ya Dar es Salaam. Mzee wa Coventry mwenye Morris Minor naye huanza na taa ya nyuma akaishia na gari lililovuliwa hadi bodi tupu, na hakupitia vita vya Kagera wala kufungwa kwa mpaka. Ni kweli, chuma hakina uraia. Tofauti iko katika kile kinachosukuma. Mzee yule ana orodha ya spea inayochapishwa hadi leo. Kila anachokikuta kimechakaa anaweza kukiagiza kwa namba yake, kikaja kikakaa mahali pake. Kazi yake hukua kwa sababu ya macho: akishapaka rangi mlango mmoja, wa pili unaonekana mchafu. Ya hapa hukua kwa sababu ya kutolingana. Kifaa kinachoingia hakikutengenezwa kwa ajili ya gari linalokipokea, hivyo jirani yake lazima arekebishwe akipokee, na jirani wa jirani vilevile. Ndiyo maana magari mawili yaliyotoka kiwanda kimoja, wiki moja, moja likabaki Coventry na lingine likaja Temeke, leo yana mifupa tofauti. Anayetaka kuliita jambo hili umaskini tu anaruka hatua: maskini asiye na ujuzi angeliacha gari lioze. Kilichotokea hapa kilihitaji uhaba na ujuzi vikutane.

Kama desturi hii ingekuwa ya uhaba peke yake, ingekufa baada ya 1984. Bajeti ya mwaka ule iliruhusu mtu mwenye fedha zake nje aingize bidhaa bila kuulizwa sana alizipataje, na pikapu zilianza kuonekana barabarani kwa wingi. Ali Hassan Mwinyi aliingia madarakani Novemba 1985, makubaliano na IMF yakafuata 1986, na jina Mzee Ruksa likaenea. Katika miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yalifika bandarini kwa maelfu, na pamoja nayo injini zilizong'olewa, giaboksi, hata magari yaliyokatwa nusu, upande wa mbele ukiwa mzima. Mikweche mingi ilikufa hapo; ilikatwakatwa ikauzwa chuma chakavu, 404 na Volkswagen Kobe zikatoweka mitaani. Lakini mkono uliozoea haukuacha. Ilipojulikana kwamba injini ya dizeli ya Toyota, 2L au 3L, inapatikana kwa bei ambayo kuifufua ile ya petroli ya Land Rover kungeizidi, mafundi wakaona njia ya kumaliza matengenezo yote kwa pigo moja: toa ya zamani, weka ya Kijapani.

Pigo hilo likawa mama wa miradi. Injini ya Toyota haikai kwenye viti vya injini ya Land Rover, kwa hiyo viti vikatwe, vipya vichomelewe. Haikutani na giaboksi ya Land Rover, kwa hiyo lichongwe bamba nene la kuziunganisha, au giaboksi ya Toyota iingie pamoja nayo. Ikiingia, shafti ya kwenda nyuma inakuwa fupi au ndefu. Ikatwe, iungwe, isawazishwe, la sivyo gari litatetemeka hadi meno ya dereva. Bomba la moshi halilingani. Rejeta haitoshi. Nyaya za umeme zinabadilishwa zote kwa kuwa dizeli haina plagi za kuwasha ila ina za kupasha joto. Mwisho kadi ya gari hailingani tena na kilichomo, na namba ya injini lazima ikaandikishwe upya. Yote hayo yalifanyika, na yalifanyika vizuri. Kuna Land Rover za aina hiyo zinazobeba ndizi na mbao hadi leo. Ila fundi aliyefanya hivyo mwaka 1991 hakuwa na sababu ya kuandika popote alichokikata.

Siku hizi upepo umegeuka tena. Magari haya yamekuwa ya maharusi, ya picha, ya fahari. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha katika tamasha lililolenga kuvunja rekodi ya msafara iliyowekwa Ujerumani 2018, na baadhi ya yaliyokuwa yamelala uani yakapata bei ambayo wenyewe hawakuitarajia. Mnunuzi wa sasa anataka kitu kimoja ambacho Kinondoni haijawahi kuombwa: anataka gari lirudi lilivyotoka kiwandani. Anaanza kwa kuomba kidogo, usukani wa asili na beji ya mbele. Usukani wa asili haukai kwenye shafti iliyopachikwa, kwa hiyo shafti iondoke. Ile ya asili inagongana na injini ya Toyota, kwa hiyo injini iondoke. Na ile ya petroli ilishauzwa kwa kilo. Inatafutwa, inapatikana mkoa mwingine, inaletwa kwa lori la mkaa. Fundi aliyekuwa saidia fundi wakati Toyota ile ikiingia, ambaye sasa ana mvi na vijana wawili chini yake, analipwa kuitoa. Anaipandisha kwa mnyororo uliofungwa kwenye tawi, anaisogeza pembeni, anainama kutazama mahali ambapo ile ya petroli inapaswa kukaa. Viti vyake vilikatwa. Anamwagiza kijana amwite mchomeleaji.